Jina Lililotoka Duarani

Kwa siku tisa Mwatumu alitembea na barua ile ndani ya mkoba, na kila asubuhi alipofika kituoni alijiambia kwamba leo atawaambia, saa nne, baada ya chai. Saa nne ikifika, walimu wake watatu wakiwa wameketi kwenye benchi na vikombe vyao, aliishia kuwauliza habari za mazoezi.

Kituo chenyewe kilikuwa Kasulu mjini, nyumba ya kupanga yenye uwanja wa udongo mwekundu kwa nyuma. Hapo vijana wapatao sitini walifundishwa ngoma, kucheza na maigizo. Mfadhili alikuwa wa nje ya nchi. Barua ilisema kwamba fedha za mwaka ujao zimepungua sana, na kwamba mradi utabaki na mratibu, ambaye ndiye Mwatumu, pamoja na mwalimu mmoja. Jina la huyo mmoja lipelekwe Ijumaa, kabla ya saa kumi na moja jioni.

Mmoja. Alikuwapo Longinus, mpiga ngoma wa Kitahana kule Kibondo, aliyeanza na kituo kikiwa na ngoma mbili na turubai. Alikuwapo Ghati, mwalimu wa kucheza, Mkurya wa Tarime aliyemfuata mumewe, mwalimu wa serikali. Na alikuwapo Obedi wa Heru Juu, mwalimu wa maigizo, ambaye angeweza kuigiza mbuzi aliyesahauliwa kwenye kamba hadi ukamwonea huruma.

Wazo lilimjia Mwatumu siku ya Jumatano, akiwa kwenye bodaboda. Lilimpa nafuu kubwa kiasi kwamba hakulichunguza.

Kazi yao ilikuwa na desturi yake. Wakikuta kijiji kina jambo zito, ugomvi wa mpaka wa shamba au binti anayetaka kuozwa mapema, hawakuhubiri. Walikaa duara pamoja na wanakijiji, wakaliigiza jambo lile, na mtazamaji asiyeridhika aliruhusiwa kuingia katikati, akachukua nafasi ya mwigizaji na kuonyesha yeye angefanyaje. Sharti lilikuwa moja tu: neno lililosemwa ndani ya duara halimfuati mtu nje. Ndiyo maana mwanamume wa Mabamba aliweza kutamka mbele ya mkewe maneno ambayo nyumbani yalimkwama kooni, kisha wakarudi pamoja wakicheka.

"Leo tujaribu kisa kipya," Mwatumu aliwaambia baada ya chai. "Zahanati ina wauguzi watatu. Mkubwa wao ameambiwa abaki na mmoja."

"Zahanati ya wapi hiyo?" Ghati aliuliza.

"Huko Mabamba."

"Wauguzi watatu, Mabamba!" Longinus akasema. "Hicho kisa ni cha Ulaya."

Wakacheka, wakaingia duarani. Ghati akawa mkubwa wa zahanati. Longinus na Obedi wakawa wauguzi. Wa tatu, Ghati alitangaza, yuko likizo ya uzazi na asisumbuliwe.

Obedi alipiga goti. "Mama mkubwa, niache mimi. Nina shamba la mihogo, ekari tatu. Sina mke, sina mtoto. Huyu mzee atakula nini?"

"Nyamaza, kijana," Longinus akamkatiza, akitembea kwa kujikokota. "Mimi ndiye wa kuondoka. Mikono inatetemeka, nitakuja kumchoma mtu sindano ya jicho. Nitakuwa napita kuwasaidia bure."

"Mura, we kijana, inuka, unachafua sakafu yangu," Ghati alimwambia Obedi, na vicheko vikaanza upya.

Mwatumu alikuwa amekaa pembeni na daftari, akiandika. Macho yalimlowa. Wamekwisha kujua, aliwaza. Wameinusa barua, na sasa wananiambia kwa njia ya watu wenye adabu. Obedi yuko tayari. Mzee yuko tayari. Usiku huo alilala usingizi mzito, wa kwanza tangu barua ifike.

Ijumaa asubuhi alipeleka jina la Ghati kwa barua pepe. Saa nne, baada ya chai, aliwasomea barua ya mfadhili yote, kisha akawasomea jibu lake. Sentensi ya mwisho ilisema: "Walimu wengine wawili wameridhia wenyewe kupisha."

Obedi alitabasamu. "Haya. Leo mkubwa wa zahanati ni nani?"

Akamtazama Mwatumu, akaitazama ile karatasi na nembo yake, na tabasamu likamwisha usoni kidogo kidogo.

"Dada Mwatumu," alisema, "mimi sina shamba. Lile shamba ni la yule muuguzi."

"Nilidhani mlikuwa mnaniambia."

"Nilikuambia sina mke. Mke wangu Rosta ana mimba ya miezi saba. Wewe mwenyewe mwezi uliopita ulimletea kanga na sabuni. Ulikaa kwenye mkeka wangu."

Ni kweli, Mwatumu alikaa kwenye mkeka ule. Jumatano, akiandika, alikuwa analijua hilo, na mkono uliendelea kuandika.

Longinus alinyoosha mikono yake yote miwili mbele yake, viganja chini. Haikutikisika hata kidogo. "Itazame," alisema kwa sauti ya chini. "Nina watoto watatu shuleni Kibondo. Miaka kumi na minne nimefundisha hapa. Unanitoa kwa mkono wa mtu asiyekuwepo?"

"Na mimi je?" Ghati alisimama. "Mimi nilikuwa mkubwa, sikuwa na cha kuomba. Nimepewa kazi kwa sababu sikupewa zamu ya kulia? Nitawatazamaje hawa?"

Mwatumu aliingia ofisini akampigia Mansuri, ofisa wa mradi aliyeko Dar es Salaam. Mlango aliuacha wazi ili wamsikie.

"Niondoeni mimi," alisema. "Mshahara wangu wapewe walimu wawili."

"Dada, bila mratibu hakuna mradi," Mansuri alijibu, bila ukali. "Ukitoka wewe, tunafunga kabisa. Jina unaweza kubadilisha mpaka saa kumi na moja. Idadi hapana."

"Hata kwa miezi mitatu tu, mpaka mke wa mtu ajifungue?"

"Hata mwezi mmoja. Pole sana."

Alirudi kwenye benchi akawaeleza, ingawa walikuwa wamesikia. Akasema wana saa sita. Kila mmoja aseme hali yake ilivyo, yeye mwenyewe, si muuguzi wa mahali popote, nao waamue pamoja.

Walitazama uwanja. Obedi alimwangalia Longinus, Longinus akamwangalia Ghati, na Mwatumu akaona kwamba watu hawa, waliokuwa hawamalizi chai bila kutaniana, sasa wanapimana. Ghati aliliona pia. Akajifunika uso kwa kitenge.

Saa tisa vijana wakaanza kuingia. Longinus akainuka akaenda kufungua stoo ya ngoma, na muda si mrefu mapigo yakaanza, yale ya mazoezi ya kila Ijumaa, sawasawa, bila kosa. Ghati akamfuata.

Saa kumi na nusu Obedi aliingia ofisini. Hakuketi.

"Jina liache hilo hilo," alisema. "Ukiliweka langu, mzee hatanisalimia tena. Ukiliweka la mzee, mimi nitakuwa namhesabia kila tonge. Ghati hakuomba."

"Obedi, mdogo wangu..."

"Lakini ile sentensi ifute. Sikuridhia. Mzee hakuridhia. Andika hivyo."

Mwatumu alifungua kompyuta. Akaandika kwamba taarifa ya asubuhi haikuwa ya kweli. Kwamba walimu Obedi na Longinus hawakukubali kuondoka wala hawakuulizwa. Kwamba ni yeye mratibu aliyewachagua waondoke, kwa hiari yake, akitumia maneno waliyoyasema kazini. Akainua kichwa.

Obedi hakutoka. Alizunguka meza, akainama mbele ya kioo, akasoma taratibu, midomo ikitembea, kama alivyokuwa akisoma igizo jipya. Alipofika mwisho akaweka kidole.

"'Kwa hiari yangu' toa," alisema. "Weka 'kwa kuogopa.'"

Mwatumu akabadilisha. Ilikuwa saa kumi na dakika hamsini na mbili. Obedi alisubiri mpaka barua ilipoondoka, kisha akaenda uwanjani kufundisha.