Daftari la Mama la Jua na Mvua

Alhamisi, tarehe kumi na saba Oktoba. Alfajiri manyunyu, halafu mawingu yakaachana, jua likachungulia kivivu. Upepo mdogo, kutoka upande wa milimani.

Ndivyo dobi alivyoandika asubuhi hiyo kabla ya kupiga magoti kusali, kama alivyoandika kila asubuhi tangu mama yake amwachie kazi hiyo. Mama naye alikuwa dobi, wa kuwafulia watu nyumbani. Redio hakuwa nayo. Alikuwa akitoka uani na beseni kiunoni, analowesha kidole, anagusa bati la ukuta, ananusa hewa, kisha anaandika kwenye daftari la jalada la kijani kwa penseli aliyowanyang'anya watoto. Majirani walipaza sauti madirishani, "Mama, tuanike?" Naye akajibu, "Anikeni, lakini msiende mbali!"

Harufu ile ya sabuni na penseli ilikuwa haijamtoka binti puani, ingawa sasa alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Mchana alipiga pasi mashuka ya hospitali. Jioni alisoma chuo, mwaka wa kwanza, Idara ya Ugavi. Ugavi aliuchagua kaka yake, mkuu wa ghala la hospitali hiyo hiyo. Yeye ndiye aliyemjazia fomu, akatia saini ya mdhamini, akamwahidi kiti kando ya chake. Wiki saba dobi alisikiliza habari za zabuni, macho yakimponyoka kwenda darasa la jirani, ambako walimu wa hali ya hewa walichora mawingu ubaoni. Mawingu yale aliyajua yote. Majina yao tu ndiyo hakuyajua.

Siku hiyo ilikuwa ya mwisho kuhama idara. Saa kumi dirisha lingefungwa. Saa sita alimpelekea karani wa chuo fomu yake, na karani akaiinua kwenye mwanga.

"Hiki nini, mama?"

"Nimefuta Ugavi."

"Umepaka wino mweupe kama mtu anayepaka chokaa ukuta! Hapa hatupokei kilichofichwa. Chukua nakala nyingine. Piga mstari mmoja, neno la zamani lisomeke, andika jipya juu yake. Mdhamini wako asaini, na shahidi mmoja."

"Mdhamini lazima?"

"Lazima."

Alikuwa ametumaini kaka asijue mpaka muhula uishe. Mama alipofariki, kaka ndiye aliyemlea, ndiye aliyemtafutia kazi. Angemwambiaje kwamba hakitaki kile kiti?

Akarudi kazini, akajifungia katika chumba cha mashuka. "Ee Mola," akasali, "sitaki kumkosea aliyenilea, wala sitaki kukudanganya wewe. Nishike mkono." Alipofungua mkoba kutafuta kalamu, vidole vikagusa jalada la kijani. Mstari mmoja, neno la zamani lisomeke. Mama hakuwa na kifutio. Alikuwa akisahihisha vivyo hivyo. Akafunua kurasa mpaka akaiona ile aliyoitaka, akafuta machozi, akamwita mwenzake wa meza ya pili, mama mtu mzima ambaye watu walimwita Bi Pasi kwa sababu ulimi wake ulichoma.

"Njoo unishuhudie, dada."

"Kufunga ndoa au kufukuzwa kazi?"

"Sijui bado."

Kaka alikuwa ghalani, akihesabu maboksi ya glavu. Akamsikiliza hadi mwisho, kisha akaweka kalamu chini.

"Mawingu? Kwa umri huu unataka kusoma mawingu? Nimekuwekea kiti hapa, watu wanakimezea mate! Kweli shukrani ya punda ni mateke."

"Kaka, nikikikalia hicho kiti nitakuwa naangalia dirishani. Utanivumilia mwaka, wa pili utanichoka."

"Basi ungeniambia tangu mwanzo!"

"Niliogopa. Nimekosea." Akamwekea daftari juu ya boksi. "Soma hapa."

Kaka akavaa miwani. Neno *Jua* lilikuwa limekatwa kwa mstari mmoja. Juu yake, kwa herufi kubwa zilizolala ubavu: *Nimekosea. Mvua saa tisa. Shati la mwanangu halijakauka na kesho ana mtihani.*

Akausoma tena ukurasa. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, na dobi akadhani analia, kumbe anacheka.

"Alilipiga pasi likiwa bichi," akasema. "Nilifanya mtihani wa hesabu nikifuka mvuke kama birika! Mwalimu akaniuliza, wewe unaumwa?" Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Sasa alikuwa analia kweli. "Asubuhi ile aliniomba radhi. Mimi, mtoto mdogo. Nilikuwa nimesahau."

"Lieni baadaye," Bi Pasi akadakia. "Saa tisa na nusu hii, na yule karani hana mama."

Dobi akapiga mstari katikati ya Ugavi, juu yake akaandika Hali ya Hewa. Kaka akashika kalamu, lakini hakusaini.

"Kiti nitampa mwingine, hutakikuta ukirudi. Kwa hiyo sema kwa sauti, huyu dada asikie: utafika mwisho?"

Dobi akaweka mkono juu ya jalada la kijani.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu wawili, nitasoma hali ya hewa hadi mwisho. Na siku nikikosea, kaka, sitakuficha. Nitakata kwa mstari mmoja, usome mwenyewe."