Hati ya Ami Shaame

Melania, jirani wa ukuta kwa ukuta, anadai alikuja mwanamke na gari jeupe, akaipiga picha nyumba ya Badria: mlango, madirisha, hata sanduku la barua. Alipoulizwa anamtafuta nani, akajibu kwa Kiswahili cha Kongo kwamba hatafuti mtu, anaangalia nusu yake.

"Anaitwa Rosette," Melania alimalizia. "Eti mke wa huyo mzee aliyekuuzia. Nakwambia nilivyosikia shoga yangu, usije ukasema nimetia chumvi."

Badria aliuweka chini mfuko wa taka. Chumvi Melania alikuwa nayo, lakini jina la Rosette, aliyewahi kuwa mke wa ami yake, asingeweza kulitunga.

Nyumba ile ya Missouri City, Texas, aliinunua kwa ami yake, Shaame, kwa jasho la miaka tisa ya kuwaogesha wazee wa watu. Shaame alikuja na karatasi aliyoichapa mwenyewe. Fatiha ikasomwa, halua ikaliwa, wakaenda kusaini mbele ya notari, afisa wa kuthibitisha saini. Shoga mmoja alimshauri adai hati yenye dhamana, Badria akaona haya. Kumtaka ami yako adhamini kauli yake si kumwita mwizi huko?

Kesho yake, baada ya maneno ya Melania, Badria aliipeleka karatasi ile kwa wakili. Wakili alieleza kwamba hati yenye dhamana humfunga muuzaji: anathibitisha kwamba nyumba anayouza ni yake kweli, na akizuka mdai, yeye ndiye atakayesimama kumtetea mnunuzi. Hii haikumfunga Shaame kwa lolote. Ilisema tu amemwachia Badria haki yake, kama anayo.

"Kama anayo?"

"Ndivyo alivyosaini."

Alipoingia garini akampigia Shaame, huko Haltom City. Akamwamkia, akamuuliza habari ya Rosette. Mzee hakukana. Alisema nyumba waliinunua wakiwa wameoana. Akampa talaka mbele ya mashahidi wawili, na kwake yakaishia hapo. Mahakama za huku hakuzigusa.

Kumbe kwa sheria za huku, Rosette bado mkewe, na nusu ya nyumba ni yake.

"Ami," Badria alisema, "naomba uniandikie hati nyingine, yenye dhamana. Rosette akija, usimame wewe."

Upande wa pili alisikia kijiko kikikoroga chai. "Fatiha tulishaisoma, mwanangu," alisema Shaame, na kijiko kikaendelea kukoroga.