Kubana Ngoma za Baba Kiki

...kidogo tena, kidogo tu, ashushe kizingiti cha kompresa, ile programu inayobana sauti, mpaka ile sindano kwenye skrini iiname kila ngoma inapolia, hapo, hapo hapo, sasa mkono wa kushoto hausikiki tena kama mkono wa mgonjwa, na Chama akabaki ameshika kipanya, kaske masikioni, mgongo amempa mumewe, kwa sababu Kambale amekaa kitandani nyuma yake anasubiri, na amekwisha kusema, "Mama Kiki, zima kwanza ile kompresa, nisikie batri yangu, ngoma zangu, vile iko," naye amejifanya hakusikia, kaske hii jamani inaokoa watu, akatikisa kichwa kufuata mdundo kama fundi mwenye shughuli zake. Azime! Azime halafu iweje, asikie mwenyewe kwamba kile kijiti anachogonga kwa mkono wa kushoto kwenye ukingo wa ngoma ndogo, ile ka, ka-ka inayobeba wimbo mzima, ile ambayo kwaya yote inaitegemea ili ijue mahali pa kuweka mguu, siku hizi inatoka nyembamba, inachelewa, mara ipo mara haipo... Alisikia mara moja tu, siku waliyorekodi kanisani, yeye akiwa kule sakristia na mashine zake, maikrofoni chache tu zimefungwa kwa mipira ya baiskeli, mara moja tu akaelewa kwamba mkono wa mume wake unakufa ganzi, na jioni ile ile, kabla hajakaa hata kulia, alikwisha kukusanya ngoma zote, ya mguu, ndogo, zile ndefu za tumba, matoazi, akaziweka katika grupu moja na juu ya grupu akaweka kompresa, kama mtu anayefunika sahani kwa kitambaa ili mgeni asione chakula ni kidogo, na tangu siku ile hakufunua tena, hapana, afunue ili iweje.

Na kazi ya kompresa si ndiyo hiyo, mjomba Ngosa alimfundisha hivyo zamani akiwa bado msichana wa kukunja waya tu katika studio yake kule Annexe, chenye kelele kinasukumwa chini, halafu vyote vinanyanyuliwa pamoja, chenye nguvu na kisicho na nguvu vinatoka sawa, vinashikana, batri nzima inakuwa mwili mmoja, "lakini ukibana sana, mutoto, unaua muntu mwenye kuipiga, inabakia paka mashini tu." Sawa mjomba, sawa, lakini mjomba hakumsikia maman Agnès, rais wa kwaya, na mdomo wake ule, pale mlangoni pa kanisa mbele ya watu wote, "Shiye tunamupenda Kambale, ni mutoto yetu, mais kama batri inatetemeka ku chanson, ku wimbo yetu, tutamupumuzisha kiloko, tutaweka mwingine," tutampumzisha kidogo! nani amemwambia kwamba amechoka, na jioni hii kamati ya kwaya inakuja hapa hapa kusikiliza, watakaa kwenye viti vile vya plastiki na kutazama dari, na Kambale ni mtu aliyetoka Butembo na begi moja lenye vijiti viwili ndani, hapa Lubumbashi, mbali na kaka yake, hana ukoo wala shamba, ana Kiki, ana yeye, ana kile kiti nyuma ya batri kila Jumapili, wakimtoa pale atabaki na nini, atabaki na lori la kaka yake Nzanzu...

Lori. Ee Mungu, tangu asubuhi anazunguka-zunguka asifike kwenye lori, na sasa amefika. Kesho kabla ya jua Kambale anakwenda Kilwa, ile ya kwetu kando ya ziwa, unga na sabuni kwenda, samaki wakavu kurudi, na usukani wa lori lile uko kushoto, mkono wa kulia unakwenda kwenye gia, unakwenda kila saa kwa ile barabara ya mashimo, na ukienda kwenye gia ni mkono gani unaoshika usukani, ni ule, ni ule peke yake, juu ya mchanga, juu ya lile daraja la miti... Safari iliyopita kioo cha upande kilirudi kimevunjika, akasema, "Ni matawi tu, Mama Kiki, ile njia si unaijua," naye akajibu ah bon, kumbe, akaenda kupakua samaki. Kikombe cha chai nacho, kilichomtoka mkononi, wakacheka. Na vifungo vya shati Jumapili, "Nifungie weye, mi nasikia raha ukinifungia," naye mjinga wa watu akaona ni mapenzi, akamfungia polepole huku anaona haya kama bibi arusi, hata kwa dada yake Wivine akajisifu, mume wangu siku hizi hajui kuvaa bila mimi.

"Mama Kiki, minasema na weye," sauti ya Kambale, mara ya pili, kitanda kikalia, "zima ile kitu, nisikie yangu." "Ngoja kiloko, baba Kiki, mguu unanisumbua," akajibu bila kugeuka, na ajabu ni kwamba hakusema uongo, mguu unamsumbua kweli, tangu lini Kambale akapiga ngoma ya mguu hivi, yeye ambaye watu walimpenda kwa mguu mwepesi, sasa anaipiga kama mtu anayebomoa ukuta, na kila ikilia, dum, kompresa inashtuka, inabana grupu zima, na kijiti kinachofuata kinazama nao ingawa hakina kosa, basi kadiri mguu unavyotaka kumficha ndivyo unavyomzamisha... Akaiambia kompresa isisikilize zile sauti za chini, mguu upite zake. Sindano ikatulia. Kijiti kikapanda juu, kizuri. Akaiharakisha iachie mapema, mikia ya matoazi ikavuta, shaaa, ikajaza kila pengo, voilà, wimbo unatembea, maman Agnès atatikisa mabega... na bado kuna kitu, kitu gani, kitu kinamkera sikioni, hizi shaaa ni nyingi mno, zinajaza nini, mapengo haya yametoka wapi, Kambale hakuwa na mapengo, mkono wake wa kulia kwenye charley, lile toazi la pembeni, haukomi hata ukiita jina lake. Achungulie. Ndani ya kaske tu, yeye hatasikia. Akabofya, kompresa ikazimika.

Ts, ts, ts... ka... ts, ts... ka. Alirudisha nyuma. Ts, ts, ts, halafu toazi linanyamaza, na pale pale linaponyamaza kijiti kinagonga ukingo, halafu toazi linarudi. Akarudisha tena. Kila mara. Hakuna hata sehemu moja ambapo vyote viwili vinalia pamoja, mama yangu, hakuna, huu si mkono wa kushoto uliochoka, mkono wa kushoto haumo kabisa, ni mkono mmoja, wa kulia, unaacha toazi, unakimbia kugonga ukingo, unarudi kwenye toazi, wimbo mzima, mkono mmoja unafanya kazi ya miwili kwa haraka, ndiyo maana unatoka mwembamba, ndiyo maana mguu unapiga kelele vile, na Chama aliyasikia mapengo haya kompresa ikiwa imekwisha kuyajaza vizuri, yeye mwenyewe ameyajaza. Na kitu kama hiki mtu haamki nacho asubuhi. Mtu anajifunza. Amejifunza lini... zile jioni anazobaki kanisani, "ninasafisha batri," amekaa pale peke yake anafundisha mkono wa kulia kukimbia. Basi Kambale anajua. Anajua kuliko yeye, amejua zamani, na yeye hapa alikuwa anamhurumia kana kwamba ni mtoto asiyejua, kumbe walikuwa wawili ndani ya chumba kimoja wanaficha kitu kile kile, kila mmoja anamficha mwenzake. Hasira ikampanda mpaka macho yakamwasha. Unajua na unapanda lori! Unajua na likizo ulimchukua Kiki kwa lori mpaka Mokambo, ukamweka pale mbele, akaniletea biskuti, unajua na unaniambia matawi! Alitaka kugeuka ampige kwa kaske, haki ya Mungu, alitaka kulia, hakujua ataanza na lipi...

"Zima, Mama Kiki," alisema Kambale mara ya tatu, chinichini sasa, karibu kuomba, na hasira ya Chama ikasimama katikati, kwa sababu anayeficha haombi kufunuliwa, sivyo, anajua kilichomo humo ndani, ametengeneza mwenyewe, angenyamaza tu, angesema iko muzuri, bibi yangu unajua kazi, kamati ingekuja na kwenda na kesho angeshika njia yake, lakini tangu mchana amekaa pale anasema zima, zima, si kwamba yeye anataka kusikia. Anataka mimi nisikie. Mtu huyu hajawahi kuwa na mdomo wa mambo makubwa, hata kuposa alimtuma Nzanzu, yeye akabaki nje anahesabu kuku wa watu, na sasa ana woga, anaiogopa ile barabara, anaogopa na hajui pa kuuweka woga wake, akauweka kwenye batri, akaomba kompresa izimwe.

Ngoma zilikuwa bado zinalia, mkono ule mmoja unakimbia na kurudi. Chama alivua kaske akaiacha ining'inie shingoni, hakugeuka kwanza, aliona akigeuka atalia na leo hataki kulia kabla ya kusema. "Baba Kiki," alisema, "kesho hauendi Kilwa." Akangoja yale majibu yake, Nzanzu atasema nini, mizigo iko tayari, unga ya watu... Kitanda kikalia. Kambale hakuuliza kwa nini, alikuja akaweka ufunguo wa lori mezani, kando ya kipanya.