Pikapu Iliyoruka Kwenye Njia ya Tansy

Delmer Stiltner alikuwa amelala chali chini ya pikapu ya kijani, miguu yake tu ikionekana, na Retta amesimama mlangoni mwa gereji na kikombe cha kahawa iliyokwisha kupoa. Haikuwa mara yake ya kwanza kulileta gari hilo, wala ya pili.

"Unaotetemeka ni usukani au kiti?" Delmer aliuliza kutoka huko chini.

"Vyote. Halafu inaruka."

"Usukani ukitetemeka, ugonjwa uko mbele. Kiti kikitetemeka, uko nyuma. Chagua kimoja."

"Nikichagua itapona?"

Delmer alikuwa fundi mzuri, na wa kwanza kulisema hilo alikuwa yeye mwenyewe. Katika milima yote hii ya Tennessee hakuna gari lililowahi kumshinda, alisema, na aliyebisha alikuwa huru kwenda gereji nyingine, ila nyingine ilikuwa mbali. Alikwisha kubalansi magurudumu. Alihamisha tairi za mbele nyuma na za nyuma mbele, aone kama mtetemo utahama nazo, haukuhama. Alibadilisha shokapu zote. Alishusha propela, ule mtaimbo unaozungusha magurudumu ya nyuma, akaikagua, akairudisha. Kila alipomaliza aliijaribu pikapu kwenye kipande cha lami kilicho mbele ya gereji yake, na kila mara ilitulia tuli.

Alitoka chini, akajifuta mikono. "Shida si gari, Retta. Shida ni dereva. Anayeruka ni wewe."

"Basi nibadilishie mimi shokapu."

Retta mwenyewe angeweza kuvumilia kurushwa. Asiyeweza ni bibi yake, Opal, mwenye nyonga mbovu. Na Jumapili ya maua ilikuwa inakaribia, ile ambayo watu wa huku huenda makaburini kila mwezi wa Mei, wakapalilia, wakarundika udongo juu ya kila kaburi hadi liumuke vizuri, wakaweka maua, kisha wakala chakula palepale na watu wao. Tangu majira ya baridi Opal alikuwa akikata maua ya karatasi na kuyachovya kwenye nta ya mshumaa ili mvua isiyaharibu. Yalikuwa ya Emmett, mtoto wake wa kwanza, aliyekufa kwa ugonjwa wa kifua akiwa na miaka mitatu.

Emmett amezikwa kwenye kilima juu ya Tansy. Tansy yenyewe iko chini ya ziwa. Serikali ya wilaya ilipojenga bwawa la umeme, maji yalifunika nyumba, shule na mashamba, kikabaki kilima kimetoa kichwa katikati ya maji na makaburi yake juu. Wakubwa waliahidi kujenga njia ya kufika huko mara tu mambo yatakapotulia. Imepita miaka arobaini na ushei, mambo hayajatulia. Badala ya njia walikuwa wakitoa boti moja kila Jumapili ya maua. Mwaka huu wakatangaza kanisani kwamba boti imechakaa na nyingine hakuna. Watu wakusanyike ufukweni, watupe maua majini, marehemu wataelewa.

"Emmett si samaki," Opal alisema, akaendelea kukata karatasi.

Wiki hiyohiyo pikapu ikaanza kuruka. Ilikuwa ya marehemu mume wa Opal, aliyeinunua walipokuwa bado wanaishi Tansy. Hakuna aliyeyaunganisha mambo hayo mawili, maana hakuna aliyekuwa na nafasi ya kukaa akaunganisha mambo. Retta alichotaka ni kumfikisha bibi yake ufukweni bila kumvunja mifupa, angalau akione kilima kwa macho. Mwaka mwingine hakuna aliyewaahidi.

"Panda uione mwenyewe," Retta alimwambia Delmer. "Na Bibi naye ni shahidi."

Wakabanana watatu kwenye kiti kimoja kirefu, Opal dirishani, Delmer katikati, magoti yakigongana na gia. Waliacha gereji, wakaingia barabara kuu inayofuata ukingo wa ziwa. Lami ilikuwa mpya, nyeusi, haina hata kijishimo. Delmer aliweka kiganja juu ya dashibodi kama daktari anayepima homa.

"Punguza," Opal alisema. "Reli."

Hapakuwa na reli. Retta hakuwahi kupunguza. Pikapu ikaruka mara mbili, tairi za mbele kisha za nyuma, Delmer akagonga kichwa kwenye dari.

"Sasa daraja la mbao," alisema Opal, akashika dashibodi. Chini yao kukasikika mbao zikigongana, tatatata, na kiti kikatetemeka mpaka upande wa pili wa daraja ambalo halikuwapo.

Delmer alisugua kichwa. "Basi si tairi," alisema.

"Si tairi," alikubali Retta.

"Inapita njia ya zamani."

"Wewe ulitaka ipite wapi?" Opal alimuuliza. "Hii ndiyo njia iliyofundishwa. Hapa kwa Kilgore tunakata kushoto."

"Bibi Opal, kushoto ni ziwa."

"Kushoto ni makaburini. Ziwa limekuja juzi."

Retta alinyoosha mbele, akiifuata lami. Palepale pikapu ikaanza kurushwa kwa namna ambayo haijawahi kutokea, kwa matuta ya karibukaribu, usukani ukimponyoka mikononi.

"Umeingia shambani mwa Kilgore," Opal alisema. "Mahindi yake ndiyo kwanza yameota. Yule mzee alikuwa na mdomo, shauri yako."

Retta akasimama. Akarudi nyuma taratibu hadi kwenye njia panda. Upande wa kushoto palikuwa na mteremko wa zege wa kushushia boti, na baada ya zege, maji. Aliangalia maji hayo kwa muda, kisha akasema itabidi wasubiri Jumapili, maana hawakubeba majembe.

Jumapili watu walikuwa wamejaa ufukweni, na kuku wa kukaanga, na maharage, na keki za matabaka zenye tufaha kavu, na maua mikononi bila mahali pa kuyaweka. Bwana Prewitt wa wilaya, shati limenyooshwa kwa pasi, alikuwa akisema kwamba maji nayo ni kaburi la aina yake. Pikapu ya kijani ikapita kando yake mwendo wa pole, Delmer akiwa nyuma na jembe, koleo na boksi la maua ya nta, ikashuka zege na kuendelea mbele.

Maji yalifika nusu ya tairi, yakaishia hapo, ingawa ziwa lilizidi kuwa na kina. Mvuvi mmoja aliyekuwa ndani ya mtumbwi wake aliinua mkono, Retta naye akainua wake. Njia ilikuwa na mawe, lakini kwa kuwa sasa walikuwa wanaifuata inavyokwenda, pikapu haikuruka zaidi ya gari lolote kwenye njia ya mawe. Opal aliteremsha kioo. Chini kabisa, mabati ya paa yalikuwa yanaonekana.

"Kwa Kilgore," alisema. "Shuleni. Kona hii chukua kwa upana, baba yako alizaliwa hapa, hatukuwahi kufika hospitali."

Kilimani majani yalikuwa yamefika kiunoni. Delmer aliyafyeka kwa jembe. Retta alirundika udongo. Opal alipiga magoti, nyonga na yote, akaulainisha udongo ule kwa viganja mpaka ukaumuka kama mkate, akachomeka maua moja moja. Alikuwa analia, na hakujificha.

"Emmett," alisema, "mama amechelewa. Njia ilikuwa mbovu."

Walimwacha hapo na kikapu cha chakula, wakarudi kuwachukua wengine. Mchana kutwa pikapu ilikwenda na kurudi, watu wamekaa nyuma na majembe, wakipunguza sauti walipopita juu ya nyumba zao. Magari mengine yalijaribu kuifuata, yakazama hadi taa, yakavutwa kwa kamba.

Bwana Prewitt alitazama yote hayo mpaka mwisho. Kisha akatangaza kwamba, kwa kuwa njia ya kufika makaburini sasa imepatikana, ile ahadi ya zamani wilaya itaihesabu kuwa imetimizwa. Watu walimsikiliza, wakaendelea kupakia sahani. Baadaye akamvuta Delmer pembeni.

"Gari juu ya ziwa ni kinyume cha sheria," alisema kwa sauti ya chini. "Wewe ndiye fundi wake. Hii kasoro inatengenezeka?"

Delmer aliitazama pikapu, shokapu zake mpya, tairi alizozihamisha mbele na nyuma. Akavua kofia.

"Imenishinda, bwana," alisema. "Tena vibaya."

Jioni Retta alimfuata bibi yake. Opal alipanda polepole, magoti yamejaa udongo, akaacha dirisha wazi. Alikuwa ametoa kipande cha keki akakiacha juu ya kaburi, maana mtoto, alisema, hawezi kula maua. Kabla ya daraja la mbao alinyoosha mkono, akashika dashibodi.