Chukua Soda Yako, Nipe Jina Langu

Wueh, hata sijavua viatu, natoka kwa Mzee Thuo sasa hivi, lakini wacha nikuambie kutoka mwanzo. Jumamosi kuku za mama zilikuwa zimebakisha siku mbili!

Unajua sisi hukaa huku quarters za reli. Babu alikuwa anatia makaa kwa gari moshi, nyanya akafuga kuku nyuma ya nyumba, mama akaendelea. Saa hii ziko arobaini. Mayai zao ndizo zilinipeleka college nikasoma mambo ya utawala. Halafu Nakuru ikawa jiji, na watu wa ofisi wakakuja na sheria yao: jiji haiwezi kuwa na kuku. Jumatatu lori inazibeba. Ilibaki tu wakaaji waitikie, ndio tukaitwa mkutano kwa ukumbi wa estate.

Msimamizi ni kijana wa ofisi anaitwa Jerry, viatu zimechongoka mbele, simu mbili. Tuliambiwa saa tatu, yeye akafika saa saba. Mabati inachoma, watoto wanalia, na kwa kona kuna kreti za soda zimefunikwa na gunia lenye maji. Kila mtu macho kwa hiyo gunia.

Nikapewa dakika mbili, na mimi nilikuwa nimeandika kurasa nne! Nikazikunja.

"Boss," nikasema, "serikali tuliipatia kazi. Ibebe taka, iwashe taa, ishike wezi. Taka hapa haijabebwa tangu Pasaka. Hiyo mmeiruka mkakuja kuhesabu kuku? Mtu akiumizwa, na majirani washindwe kusikizana, hapo ndio sheria iingie. Kabla ya hapo ikae nje ya mlango, ipige hodi!"

Makofi! "Huyo ni wa Milcah!" mtu akapiga nduru. Nikaketi najiona gavana.

Jerry akatabasamu tu. "Asante, dada. Maoni yako tumechukua. Lakini kuna mkaaji alilalamika harufu. Si mimi nilianza."

Kila mtu akamgeukia Mzee Thuo, jirani yetu wa ukuta mmoja. Yeye akaangalia kofia yake.

"Basi, tusaini tupate soda," Jerry akasema.

Sasa, mikutano za huku ziko hivi: hakuna saini, hakuna soda. Karatasi hakuna mtu husoma. Unaandika jina na nambari ya kitambulisho, unapewa soda na nusu mkate, unaenda. Mama alikuwa wa kwanza kwa laini.

Nikafika kwa meza. Karatasi zimebanwa kwa ubao, ile ya juu kabisa imekunjwa nyuma. Nikaifunua. Imeandikwa: *Sisi wakaaji tuliosaini hapa chini tumekubali kuku zitolewe.* Na namba moja, kwa mkono wa mama mwenyewe: Milcah Nangila.

Nikageukia laini.

"Msisaini!" nikapiga kelele. "Hii si ya soda! Ni ya kukubali!"

Jerry akavuta ubao. "Dada, usituharibie mkutano. Saini ikishaandikwa haifutwi. Laini iendelee."

Na ikaendelea! Sitati wa kinyozi akanisukuma na bega. "Mitchelle, songa, koo imekauka. Hotuba si ulimaliza?" Majina yalikuwa hamsini na saba. Hamsini na nane. Nilikuwa nimesikia Jerry akiambia mtu kwa simu, "Nikifikisha sitini, tuma lori." Hamsini na tisa. Sitati akashika kalamu.

Mama si mtu wa kelele, unamjua. Alikuwa amekaa na soda yake kwa mapaja, haijafunguliwa, kwa sababu huwa ananiwekea mimi, hata nikiwa mzee hivi. Akainuka polepole, akatembea mpaka mbele, akaiweka mezani, tap.

"Kijana yangu, chukua soda yako. Nipe jina langu."

"Mathe, haiendi hivyo."

"Inaenda aje? Mimi nilisaini soda. Soda ndio hiyo, na kifuniko yake. Futa."

Sitati akaweka kalamu chini kama imemchoma. Mama Sue, jirani mwingine, akaleta yake, imefika nusu. Halafu nikaona Mzee Thuo anainuka na chupa tupu, nikasonga karibu na mama, kwa sababu huyu ndio alituchoma kwa ofisi.

"Yangu nimekunywa," akasema. "Hiyo siwezi kurudisha, hata kwa daktari. Lakini jina langu futa."

Jerry akashangaa. "Mzee, si ni wewe ulilalamika?"

"Nilisema harufu. Sikusema lori. Nilitaka Mama Mitchelle asongeze banda kutoka kwa dirisha yangu."

Mama akashika kiuno. "Na mbona hukuniambia? Si tunaskizana hata tukikohoa!"

"Ulininunia tangu ile siku ya mbwa yangu."

"Mbwa yako ilikula jogoo!"

Ukumbi mzima ikapasuka kicheko, na laini ikageuka. Sasa watu walikuwa wanapanga laini ya kurudisha! Jerry anafuta majina, jasho inamtoka, mama amesimama juu yake kama mwalimu wa mtihani. "Hiyo bado inasomeka. Piga tena." Nikamwambia aandike chini, "Wakaaji wamekataa," asome kwa sauti, nikapiga picha. Akaondoka na majina matatu, na moja ni ya yule aliyeleta mkate.

Lakini Jumapili sikulala. Karatasi ni karatasi, mtu anaweza andika ingine. Jumatatu nikasimama kwa geti kutoka saa kumi na mbili asubuhi, kila lori ikipita kwa barabara nashikilia geti. Mpaka jioni. Hakuna iliyoingia.

Leo asubuhi tukasikia nyundo. Mzee Thuo yuko kwa uwanja wetu, misumari kwa mdomo, anang'oa banda. Walibishana na mama siku nzima kuhusu mahali pa mlango, lakini imesonga mpaka ukuta wa pili, na mbolea yote ataibeba yeye kwa sukuma wiki yake.

Mama akanituma nimpelekee mayai kumi. Akafungua mlango, akaziangalia, akanitazama kwa macho ya shaka.

"Nasaini wapi?"