Krenki ya Gari la Mpwa Wangu

Mpwa wangu aliingia karakanani na krenki mbili, zile fito za chuma zinazozungushwa na pistoni, ndani ya gunia, akazilaza juu ya meza yangu ya kazi. Moja ilikuwa imesuguliwa ikang'aa. Nyingine ilikuwa na kutu tupu.

"Mjomba, chagua. Zote za kufua. Muuzaji anataka nimrudishie moja leo."

Angalau hakuniletea ya kusubu, iliyomiminwa ikiwa uji badala ya kufuliwa kwa kupondwa. Ukifunga turbo, kila pistoni inashuka kwa nguvu maradufu, na krenki ndiyo inayobeba kipigo chote. Chuma cha kusubu hakiwezi mchezo huo. Lakini hata cha kufua, kikishatumika, huenda kina ufa usioonekana. Ufa ukifunguka gari likiwa kwenye mashindano, krenki inakatika, injini inajifunga, na magurudumu yanagoma kuzunguka. Baba yake alikufa hivyo miaka sita iliyopita, kwenye kona, na injini ile niliifunga mimi. Watu walisema ni oili iliyoisha. Na mimi nikasema ni oili.

"Tungepaka ile dawa nyekundu ya kuonyesha nyufa," alisema.

"Dawa ni ya mafundi wasio na masikio. Shika mnyororo huu."

Mdomo wangu huo! Ukweli ni kwamba masikio yenyewe yameniaga zamani. Injini zimeyamaliza. Ngurumo nazisikia, sauti nyembamba sizipati kabisa, na sijamwambia mtu. Nilipata jina kwa sikio. Nikisema limekwenda, nitabaki nani? Basi natazama nyuso za watu na kubahatisha.

Tukazining'iniza. Krenki nzima ukiigonga kwa nyundo ndogo hulia kama kengele, na mlio unakawia kuisha. Yenye ufa husikika kama kopo. Niligonga ile inayong'aa, nikahisi mtetemo kidogo vidoleni, basi. Nikamwangalia mpwa wangu: uso mkavu. Nikagonga yenye kutu. Uso uleule.

"Hiyo inayong'aa," nilisema. "Inaimba."

"Sawa, mjomba." Akaanza kuirudisha ya kutu kwenye gunia.

Mama yake, dada yangu, alikuwa amesimama mlangoni. Yeye ni fundi cherehani, hajui krenki wala pistoni. Alikuwa amemletea mwanawe ovaroli ya mashindano aliyoishonea zipu.

"Kaka, hebu gonga tena hiyo."

Nikagonga, tena kwa madaha.

"Mbona inalia kama kopo?"

Mpwa wangu aliinamisha kichwa. "Hata mimi nimesikia hivyo, mama. Nikadhani mjomba anasikia nisichosikia mimi."

Nilitaka kufoka, maana ndivyo nilivyo nikibanwa. Nikamtazama yule kijana, mtu mzima mwenye ndevu, ambaye angeingia garini na kukanyaga mafuta ili tu asinivunjie heshima. Nguvu zikaniisha.

"Sisikii," nilisema.

"Tangu lini?" aliuliza dada.

Ningeweza kumdanganya. "Miaka minane. Labda tisa."

Aliketi juu ya tairi, ovaroli mapajani. Nilimwona akihesabu.

"Siku mlipochagua ile ya mume wangu," alisema, "alirudi nyumbani hana raha. Akaniambia, kile chuma hakikulia vizuri, lakini shemeji ameshasema. Nikamwambia asibishane na wewe. Nikamwambia wewe ndiye fundi."

Mpwa wangu alitoka nje bila kuaga. Nilibaki na nyundo mkononi. Nikapiga magoti mbele ya dada yangu kwenye sakafu ile ya oili, nikamwomba anisamehe.

Midomo yake ilisogea. Alisema kitu, kifupi, kwa sauti ndogo sana, na sikuthubutu kumwambia arudie.