Tamko la Kuhama

Habibu aliisoma ile karatasi mara ya kwanza akiwa amesimama. Mara ya pili aliisoma ameketi ukingoni mwa kitanda, miwani puani. Alipomaliza mara ya tatu, akamwita mkewe.

"Mama Sabra, tarehe kumi na nne, saa kumi na moja na nusu alfajiri, ulikuwa wapi?"

Raudha aliingia na mikono imejaa unga wa chapati. Mumewe alikuwa amerudi jana yake kutoka Mkwajuni, kwenye machimbo alikokuwa akinunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo. Kila aliporudi, baada ya wiki tatu au nne, asubuhi ya kwanza ilikuwa ya chapati na maini. Raudha alidhani anataniwa.

"Alfajiri yote hiyo nikawe wapi mimi? Nilikuwa hapo hapo ulipokaa."

"Nilikupigia siku hiyo. Nilipanda kile kilima cha nyuma ya soko, maana kule chini mtandao haushiki. Nikakuuliza uko wapi, ukasema bado uko kitandani."

"Basi si unajua mwenyewe."

"Karatasi inasema simu hiyo uliipokea Zambia."

Raudha alicheka. Mwenzake hakucheka.

Karatasi yenyewe ilikuwa bili ya simu. Mwanzoni mwa mwaka huo wa 2008, kampuni moja iliyoitwa Sauti Kwetu ilituma vijana wake kuzunguka maduka ya Tunduma wakinadi laini za mkataba. Unapewa simu mpya bure, hununui vocha, unaongea mwezi mzima, bili inakuja baadaye kwa posta. Sharti lao lilikuwa moja tu, ukae nao miaka miwili. Raudha alikuwa na duka la vitenge, na alikuwa amechoka kukwangua vocha huku mteja wa Sumbawanga anasubiri hewani. Akasaini. Bili mbili za kwanza alizilipa akilalamika kwamba ni kubwa, akazitupia kwenye droo bila kuzisoma. Hii ya tatu Habibu ndiye aliyepita posta kuichukua, na Habibu alikuwa mtu wa kusoma kila kitu hadi maandishi ya chini kwenye boksi la kiberiti.

Alimwonyesha kwa kidole. Safu nzima ya simu alizopokea, maana aliye nje ya nchi hutozwa hata kwa kupokea: tarehe, saa, namba, na pembeni neno Zambia, Zambia, Zambia. Karibu zote zilikuwa za alfajiri au za magharibi. Na namba iliyokuwa ikipiga ilikuwa ya Habibu mwenyewe.

"Yaani unaongea na mimi, unaniambia uko nyumbani, kumbe uko ng'ambo."

"Wallahi, Baba Sabra! Mwaka wa tisa huu niko Tunduma, sijavuka huo mpaka hata siku moja. Wateja wa Nakonde, huko Zambia, wanakuja wenyewe dukani."

"Hata mimi nilikuwa najua hivyo," Habibu alisema.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikula chapati moja, akasema ameshiba, na kesho yake akarudi Mkwajuni, siku nne kabla ya siku aliyopanga kuondoka.

Siku zilizofuata Raudha alikuwa kama mtu aliyepoteza kitu asichokijua. Alikaa dukani akipima vitenge na kusahau amefika mita ngapi. Alijiuliza kama kuna mtu anaichukua simu alfajiri na kuirudisha, lakini nani, na mlango una komeo? Binti yao Sabra alikuwa Kondoa kwa bibi yake. Nyumbani hapakuwa na mtu mwingine. Alfajiri moja simu iliita, na kabla hajaipokea aligusa ukuta, akagusa godoro, akagusa mto, akahakikisha yuko chumbani kwake. Akaipokea. Habibu akamsalimu kwa ufupi, akauliza hali, hakuuliza zaidi. Baadaye Raudha alijionea aibu kwa kule kugusa ukuta. Ilikuwaje mpaka akajitilia shaka mwenyewe?

Akaamua kuuvunja mkataba. Kama simu ndiyo iliyoleta balaa hili, basi iende zake.

Ofisi ya Sauti Kwetu ilikuwa Mbeya mjini. Alifunga duka, akapanda basi la asubuhi, na saa nne alikuwa mbele ya kaunta. Aliyempokea ni kijana mmoja mpole, shati lake limepigwa pasi mpaka linang'aa, beji yake imeandikwa Dennis.

"Nataka kuvunja mkataba, mwanangu."

"Hakuna shida, mama." Dennis alibonyeza kompyuta yake. "Umebakiza miezi ishirini na moja. Ukivunja leo unailipia yote kwa mkupuo."

"Nilipie miezi ambayo sitaongea?"

"Ndivyo mkataba unavyosema, mama. Kifungu cha tisa."

Raudha akatoa ile bili na kumweleza: yeye ni mtu wa Tunduma, hajawahi kuvuka mpaka, na kampuni inamwandika yuko Zambia. Dennis akasikiliza, akaitazama karatasi, akaitazama kompyuta, na uso wake ukachangamka.

"Kumbe unaishi Zambia! Ungesema mapema, mama. Mteja aliyehamia nje ya nchi anavunja mkataba bila kulipa kitu. Kuna fomu yake."

"Mimi siishi Zambia."

"Lakini hapa uko Zambia siku kumi na tisa kati ya thelathini."

"Ndiyo maana nimekuja. Hiyo si kweli."

"Mama, mtambo hauna sababu ya kukusingizia." Alisukuma fomu juu ya kaunta. Ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa TAMKO LA KUHAMA. "Jaza jina, weka saini kwamba umehamia Zambia, yameisha. Wengine tunawadai hadi pasipoti. Wewe ushahidi tunao wenyewe."

Raudha aliishika kalamu. Saini moja tu, na simu itakuwa imemtoka. Halafu Habibu, msomaji wa kila kitu, ataikuta ile karatasi siku moja: mkewe ametamka kwa mkono wake kwamba anaishi Zambia. Na asiposaini, atalipa miezi ishirini na moja ya kuendelea kuandikwa yuko asikokuwa.

"Hebu nieleweshe," alisema taratibu. "Nikisema kweli, nalipa. Nikisema uongo, silipi."

Dennis alikuna kichwa. "Mimi Tunduma sijawahi kufika, mama. Naona kilicho kwenye kompyuta tu."

Raudha akaikunja fomu, akaitia mkobani, akarudi nyumbani bila kusaini. Njiani alijaribu kuyapanga maneno ya yule kijana yakae sawa, na basi lilipopita Nanyala alikuwa ameacha kujaribu.

Siku mbili baadaye alikuja Ferista, fundi cherehani aliyekuwa akishona kwenye baraza la duka la Raudha. Alikuja nyumbani kupima pazia jipya la chumbani. Ferista alikuwa Mnamwanga wa hapo hapo, nusu ya ukoo wake iko upande wa pili wa mpaka. Alipoisogeza simu iliyokuwa dirishani ili atandaze futi yake, akasimama.

"Mama Sabra, laini ya Zambia umenunua lini?"

"Na wewe pia?" Raudha alisema, na sauti ikamkatika.

"Sasa unalia nini? Si hii hapa imeandika? Huu mtandao ndio anaotumia shangazi yangu wa Nakonde."

Raudha aliichukua simu. Juu ya kioo palikuwa na neno fupi la herufi ndogo. Miezi yote hiyo alikuwa akiliona na kudhani ni salamu za kampuni, maana mambo mengi kwenye simu ile yaliandikwa Kiingereza.

"Simu haijui mpaka, dada," Ferista alisema. "Yenyewe inashika mnara wenye nguvu. Dirisha lako linatazama Nakonde, hata jogoo wao unawasikia. Kwa shangazi ni kinyume chake, akikaa uani inashika ya kwetu. Hebu njoo."

Wakatoka chumbani na simu, wakapita sebuleni, wakasimama nje upande wa barabara. Wakangoja. Lile neno likapotea, kioo kikakaa kitupu kidogo, kisha likatokea jina la Sauti Kwetu. Wakarudi chumbani. Wakangoja. Zambia. Wakaenda na kurudi mara tatu, na mara ya tatu Raudha akaketi sakafuni, mgongo ukutani. Ferista alidhani atacheka. Hakucheka. Alikuwa anafikiri kwamba ukuta huu alioegemea ndio alioupapasa alfajiri ile.

Habibu aliporudi, Raudha alimpokea begi, akaitikia salamu, akamkalisha kitandani na kumpa simu.

"Soma hapo juu."

Habibu akavaa miwani. Akasoma. Akaivua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Uko wapi sasa hivi, Baba Sabra?"

"Niko... niko nyumbani."

"Simu inasema uko Zambia."

Alimtembeza kama Ferista alivyomtembeza yeye, chumbani na barabarani, hadi Habibu akaomba basi, ameona. Aliketi sebuleni ameinamisha kichwa.

"Nisamehe, mke wangu. Nilichanganyikiwa. Karatasi ilikuwa na tarehe, ilikuwa na saa, ilikuwa na kila kitu."

"Na mimi nilikuwa na nini?"

Habibu aliivua miwani. Akasema, "Isaini hiyo fomu, tuachane na watu hawa. Mimi nitajua ukweli, inatosha."

Raudha alirudi Mbeya. Alimweleza Dennis yote, minara, dirisha, jogoo. Dennis alisikiliza kwa heshima, akaenda kumuuliza mkubwa wake, akarudi.

"Mkubwa anasema kama ni mnara tu, basi hujahama, na mkataba unaendelea. Utakuwa unauchagua mtandao mwenyewe kwenye simu. Ila kama umehama..." Akaitazama fomu mkononi mwa Raudha. "Ni wewe tu, mama."

Raudha aliilaza fomu kaunta. Akaandika jina lake. Pale palipoandikwa "Nimehamia nchi ya", akaandika Zambia. Halafu chini, kwenye nafasi ya maelezo mengine, akaandika kwa herufi za kusomeka: *Iliyohama ni simu. Mimi Raudha niko Tunduma na sijawahi kutoka.* Akasaini.

Dennis hakuisoma. Aligonga mhuri mara mbili, akachukua simu na chaji yake, akampa nakala. "Karibu tena ukirudi Tanzania," alisema, na hakuonekana kutania.

Raudha alikaa wiki tatu bila simu ya aina yoyote. Habibu alimwachia pesa za kununua nyingine, naye hakununua. Jumamosi moja Ferista alimwambia anakwenda kumwona shangazi yake, kama anataka kumsindikiza. Wakavuka kwa miguu saa tatu asubuhi. Shangazi aliwapikia nshima, ugali wa kwao, na samaki wadogo wakavu, akamsemesha Raudha Kibemba kama vile lazima anajua, Raudha akaitikia kila kitu kwa kutikisa kichwa.

Aliporudi jioni alimkuta Habibu mlangoni, viatu vina vumbi la Mkwajuni. Alikuwa amepiga simu siku tatu akijisahau kwamba namba ile imekufa, akaingiwa na hofu, akaja.

"Ulikuwa wapi, Mama Sabra?"

"Nakonde."

Habibu aligonga vumbi la viatu kwenye kizingiti. Raudha alimwangalia.

"Ulikula?" Habibu aliuliza mwishowe.

"Nimekula. Samaki."

Habibu akampisha aingie. Jioni yote hakuuliza lingine, akawa anamsaidia hata kumenya vitunguu, na Raudha alimtazama mgongo akishindwa kujua kama yule ni mtu anayemwamini, au ni mtu anayeogopa kuuliza.